Bahari Sebuleni, Radi Chini ya Meza

Watu wa Bukoba mjini wana matatizo mengi, lakini maji hayamo. Mvua inawanyeshea mpaka kuta zinaota ukungu, milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka. Mto Kanoni unawapitia katikati ya mji. Mbele yao limelala ziwa kubwa kuliko yote Afrika, la pili duniani kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya maji baridi, na ukisimama ufukweni huioni ng'ambo. Maji yapo, samaki wamo ndani yake, na kuyatazama hakuna kiingilio. Sasa niambieni, waitu, mtu mwenye akili timamu, aliyezaliwa na dada yangu wa damu, aliyesomeshwa kwa kahawa ya babu yake, anakaaje katika mji huo kisha anatoa fedha mfukoni kununua bahari?

Ndiyo, bahari. Mpwa wangu ana bahari sebuleni kwake Rwamishenye.

Mimi ni mtu wa Ngenge, wilayani Muleba, ambako dumu la maji lina heshima yake na mtoto akimwaga kikombe anaulizwa amekusudia nini. Nikija mjini kwa ajili ya haya magoti yangu nafikia kwa mpwa, na nafasi yangu inajulikana: kochi refu lililo chini ya dirisha. Safari hii nikakuta kochi limesukumwa kwenye korido, na pale chini ya dirisha limesimama tangi la kioo la lita 400, taa za buluu zinawaka humo, mabomba yananguruma, na samaki wawili wadogo wananikazia macho kuniuliza nimefuata nini kwao.

"Mjomba, karibu," akasema mpwa. "Hii ndiyo Bahari ya Hindi."

Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara kutoka Bukoba, na ziwa letu liko mita 1,134 juu yake. Kwa hiyo ili bahari ipande mpaka Rwamishenye ni lazima ibebwe kwenye mfuko. Nikaelezwa kwamba maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Piga hesabu: lita 400 ni kilo 14 za chumvi. Hapo bado hujabadilisha maji. Ukitaka kutoa sehemu moja ya kumi na kuingiza mapya, ni lita 40 nyingine na karibu kilo moja na nusu ya chumvi nyingine. Nilimshauri atumie ya Uvinza, chumvi yenye sifa tangu zama za misafara, au ya Katwe hapo Uganda kwa jirani. Akanitazama kwa ile huruma ambayo wasomi wetu wa Kihaya wanaiweka akiba kwa ajili ya wajomba.

"Mjomba, hiyo ni ya mboga. Bahari si chumvi tu. Ina magnesi, ina kalisi, ina potasi, ina bromaidi."

Neno hilo la mwisho nililishika. Nitalirudia, maana ndilo lenye kesi.

Nikauliza hao samaki wana nini cha kustahili gharama hizo. Dagaa wa Muleba wana nyama kuwashinda. Mtoto wa nyumba, mwenye miaka sita, akanijibu kwa niaba ya baba yake kwamba huyo ni Nemo. Nemo ni yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe kwenye katuni ya mwaka 2003. Ukweli ni kwamba aina ile hasa haiishi pwani yetu. Kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki na kaskazini mwa Australia. Pwani ya Afrika Mashariki ina ndugu zake wenye rangi zao wenyewe, na Wakenya wamekuwa wakisafirisha samaki wa mapambo kutoka Mombasa kwenda Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa. Maana yake mpwa wangu, akiwa ameamua kupotea, alipotea mpaka akapitiliza Mombasa.

Yote hayo ningeyameza. Mtu akishakula ndizi za watu na kutafuna kahawa yao, haanzi kuwahesabia fedha. Kilichonitoa ulimi ni kile kiboksi chini ya meza.

Kilikuwa na ukubwa wa redio ya mkulima, kinatoa mlio mwembamba wa nyuki aliyekasirika, na kutoka ubavuni pake unatoka mpira mwembamba unaopanda hadi kwenye bomba refu waliloliita skima. Kazi ya skima ni kuyachapa maji kwa hewa mpaka yafanye povu. Povu linanasa uchafu wa samaki na masalia ya chakula, linapanda, linamwagika kwenye kikombe kilicho juu. Nilinusa kikombe hicho mara moja tu. Lakini skima sina ugomvi nayo, inajitafutia riziki kwa jasho. Ugomvi wangu ni na kiboksi.

"Hicho kinatengeneza ozoni," akasema mpwa, na kifua kikamtanuka.

Ozoni, ndugu msomaji, unaijua hata kama hujatambulishwa. Ni ile harufu kali, yenye ubaridi wa chuma ndani yake, inayobaki hewani radi ikishapiga karibu. Ni ile ile unayoisikia kwenye steshenari yenye mashine kuukuu ya fotokopi iliyofanya kazi tangu asubuhi. Mwaka 1840 mwanakemia mmoja wa mji wa Basel, Uswisi, Christian Friedrich Schönbein, alisikia harufu hiyo alipokuwa akipitisha umeme kwenye maji, akakataa kuipuuza, ndipo akatambua kwamba ni kitu kinachojitegemea na kukipa jina. Alipata shida bure. Angekuja Bukoba mwezi wa nne angeinusa kibarazani, kahawa mkononi.

Kiboksi kinafanya kile kile kinachofanywa na radi, kwa udogo wake. Kinavuta hewa, kinaipitisha kwenye umeme wenye volti nyingi, na oksijeni inavunjika na kujiunga upya. Mpwa wangu amefuga radi chini ya meza ya sebuleni, na sisi huku Kagera tuna radi za bure za kutosha kugawia mikoa mingine.

Acha niieleze kemia yake kwa lugha ya barabara ya Kashai. Oksijeni tunayovuta ni atomu mbili zimepanda bodaboda moja, dereva na abiria, wametulia, wanakwenda zao. Ozoni ni mshikaki: atomu tatu kwenye bodaboda ile ile. Huyo wa tatu hana pa kushika. Muda wote anatafuta kitu cha kurukia, na atakachokirukia atakiunguza. Akirukia kijidudu, kijidudu kinakufa. Akirukia ile rangi ya njano inayoyafifisha maji ya tangi, inavunjika na maji yanang'aa mpaka unaona kila punje ya mchanga. Ndiyo sababu mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji yake ya kunywa kwa ozoni tangu mwaka 1906, na ndiyo sababu inatumika katika viwanda vya maji ya chupa na katika matangi makubwa ya maonyesho ya samaki ulimwenguni. Ikishamaliza kazi inarudi kuwa oksijeni. Sifa zake zote nazikubali. Ila yule wa tatu hachagui. Akikosa kijidudu, atarukia shavu la samaki, mpira wa bomba, au pafu la mjomba.

Mpwa alikuwa na jibu, maana tangu shule ya msingi hajawahi kukosa jibu. "Mjomba, ozoni ndiyo inayotukinga na jua! Kila tarehe 16 Septemba dunia nzima inaadhimisha siku yake. Nchi zilisaini mkataba Montreal mwaka 1987 ili kuilinda, na wewe unataka niizime?"

Nikamwambia tabaka hilo liko angani, sehemu yake kubwa kilomita 15 hadi 35 juu ya kichwa changu, na mkataba ule ulikuwa wa kuiacha huko huko. Kama anataka kuchangia tabaka la ozoni aipandishe juu. Mimi nalala korido.

Na korido ndiko harufu ilikonifuata. Usiku walifunga madirisha kwa sababu ya mbu na mvua, kiboksi kikaendelea kuimba, na ile hewa ya baada ya radi ikajaa nyumba bila radi yenyewe kupiga. Koo likakauka, kifua kikabana, macho yakawasha. Nikakohoa mpaka mke wa mpwa akaamka kuniuliza kama nimekuja na dawa zangu. Dawa zangu ni za magoti, mama. Magoti hayakohoi.

Hapa nitaacha mzaha kidogo. Ozoni ni gesi inayochoma mapafu. Sheria za kazi za Marekani zimeweka kikomo cha sehemu 0.1 kwa kila sehemu milioni za hewa, kwa mfanyakazi wa saa nane. Hicho ni kikomo cha mtu mzima, mwenye afya, anayelipwa, kisha anarudi nyumbani kwenye hewa safi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango cha chini zaidi kwa watu wote, takribani nusu ya hicho. Mwenye pumu, mtoto na mzee ndio wanaoumia kwanza. Pua ya binadamu ni hodari, inainusa ozoni ikiwa bado chini ya kikomo hicho, na hiyo ni neema. Ubaya ni kwamba pua huzoea. Ukikaa nayo chumbani harufu inapungua puani wakati gesi ipo pale pale. Ndiyo maana mpwa wangu alikuwa ananiapia kwa jina la marehemu babu kwamba hakuna harufu yoyote, na alikuwa haniongopei. Pua yake ilishastaafu.

Kulipokucha nilichukua tochi nikafanya ukaguzi. Waliofunga mtambo ule walikuwa mpwa na fundi wake, kijana hodari sana wa kufunga ving'amuzi.

La kwanza nililoliona ni mahali pa kiboksi: sakafuni, chini ya tangi. Swali dogo la mtu wa kijijini: umeme ukikatika itakuwaje? Pampu ya hewa inasimama, hakuna kinachosukuma, na maji yanateremka yenyewe kwenye ule mpira kutoka juu hadi ndani ya kiboksi chenye volti nyingi. Maji ya chumvi, ambayo umeme unayapenda kuliko maji yote. Kisha umeme unarudi. Dawa yake haihitaji shahada. Kiboksi kinapandishwa juu kuliko usawa wa maji, na kwenye mpira inawekwa vali ndogo ya kuzuia maji kurudi nyuma, iliyotengenezwa kwa kitu kisicholiwa na ozoni. Waya wa umeme nao unaachwa uning'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiufuata lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

La pili lilikuwa kiungo cha mpira na skima. Kilikuwa kinavuja, na fundi alikifunga kwa dawa ya taifa: kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Mkoani kwetu mpira huo unafunga mzigo wa ndizi, unashika bawaba ya mlango na unatibu bomba la maji. Lakini ozoni hula mpira wa asili, hasa uliovutwa ukakazwa. Unapasuka nyufa nyufa mpaka unakatika. Ule wa mpwa ulikuwa umechanika kila upande, na hapo ndipo usingizi wangu ulipokuwa unavujia. Mabomba ya ozoni yanatakiwa kuwa ya silikoni au ya teflon, na hata ya silikoni yanakaguliwa kila mara na kubadilishwa.

La tatu lilikuwa unyevu. Mashine hii inataka hewa kavu. Hewa yenye unyevu ikipita kwenye umeme ule inatoa ozoni kidogo na kuzaa asidi ya nitriki, inayokula matumbo ya mashine polepole. Ndiyo maana huwekwa kichupa cha punje za silika ili zifyonze unyevu kwanza; zikilowa zinageuka rangi, nazo zinakaushwa kwa moto na kurudishwa kazini. Yeyote aliyebuni utaratibu huo hakuwahi kuishi Bukoba, ambako chumvi inaganda mezani na viatu vya harusi vinaota ukungu kabla ya maadhimisho ya mwaka wa kwanza. Punje za mpwa zilikuwa zimegeuka kutoka buluu hadi waridi zamani, na hakuna aliyezijali. Nilipouliza, akasema mkewe alimkataza kuzikaushia kwenye sufuria ya wali. Nikamuunga mkono mkewe kwa mikono miwili. Punje za buluu zinapata rangi kwenye kobalti, na kobalti haina kazi jikoni.

La nne lilikuwa kikombe cha skima, kilichofunikwa kwa kifuniko chenye tundu kinachopumulia moja kwa moja kwenye hewa ya watu. Ozoni haiishii yote majini. Inayobaki inatoka na hewa ya skima, kwa hiyo hewa hiyo nayo lazima ipitishwe kwenye mkaa maalumu wa kuchujia, ule unaouzwa kwa kazi hiyo. Mkaa wa kuchomea samaki haufai, kabla hujaniuliza. Mpwa aliniuliza.

Sasa turudi kwenye ile bromaidi niliyoahidi. Mtu akitumia ozoni kwenye maji baridi, ikishamaliza kuruka inageuka oksijeni na habari inaishia hapo. Baharini haiishii hapo. Kila lita ya maji ya bahari ina bromaidi kama miligramu 65, na yule abiria wa tatu akiirukia anazaa watoto: bromini ya aina inayounguza, na ikiendelea kupigwa, bromati. Hao hawaondoki haraka kama mama yao. Wanabaki majini wakichoma mashavu ya samaki na ngozi ya uduvi muda mrefu baada ya ozoni yenyewe kutoweka. Kwa hiyo maji yanayotoka kwenye skima yenye ozoni hayarudi tangini hivi hivi. Yanapita kwanza kwenye mkaa wa kuchujia, na mkaa huo unabadilishwa, maana nao unachoka.

Kipimo cha ukali huo majini kinaitwa redoksi, kinasomwa kwa milivolti. Wazoefu wengi hukiweka karibu na 350, na wakikiona kinapanda kuelekea 400 wanashusha mkono. Kuna kifaa kinachosoma kipimo hicho na kuizima mashine chenyewe kikifika mahali ulipopanga. Mpwa hakukinunua, kwa hoja kwamba fedha ziliishia kwenye taa za buluu. Na hata ukikinunua, kijiti chake cha kupimia kinaota utando na kuanza kusema uongo, kwa hiyo kinasafishwa na kuhakikiwa, na hata hapo mkaa hauondolewi.

Halafu kiwango. Kwa tangi la lita 400, wengi wenye busara huanza na miligramu 30 au 40 kwa saa, hata chini yake, kisha wanangoja na kutazama. Mashine ya mpwa ilikuwa na uwezo wa miligramu 200, na kitufe kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Mjomba, nimelipia 200." Huyu ndiye Mtanzania mwenzangu, anayewasha feni namba tano wakati wa mvua kwa sababu namba tano ipo.

Basi nikaitisha kikao cha familia. Mpwa akaketi upande wa bahari, mimi na mkewe tukaketi upande wa mapafu. Mtoto akakaa katikati na senene aliowatoa kwenye friji, akiba ya msimu uliopita, anataka kumlisha Nemo, na ilibidi anyang'anywe kwa manufaa ya pande zote.

Mpwa akaanza na Ulaya, ambako wote wana ozoni. Nikamjibu kwamba huko Ulaya penye ozoni ya uhakika pana kifaa ukutani kinachoipima hewa ya chumba na kupiga kelele ikizidi, na chumba kina feni ya kutoa hewa nje. Yeye kifaa chake cha kupima hewa ni mjomba, na kilipopiga kelele kiliulizwa kuhusu dawa. Akahamia kwenye magonjwa ya samaki. Nikamwambia samaki wawili waliokaa peke yao kwenye lita 400 ni wapangaji wenye nafasi kuliko mimi. Maji yao yakichafuka ni kwa sababu mtoto anawalisha kila mgeni anapofika. Punguza chakula, badilisha maji kwa wakati, osha kikombe cha skima, weka mkaa mpya. Ozoni inayang'arisha maji ya mtu anayefanya kazi yake. Haifanyi kazi ya mtu aliyeacha.

Mkewe akaongeza hoja ambayo hata mimi sikuiwazia. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoitikisa Bukoba, kabati lao la vyombo lilianguka kifudifudi. Je, nusu tani ya bahari na kiboksi cha umeme vimefungwa ukutani? Kimya. Mpwa akaandika jambo kwenye simu yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona msomi akiandika alichoambiwa na mtu mwingine.

Kabla hatujafunga kikao nilisema la moyoni, nalo nalisema hapa pia. Ziwa hili lilikuwa na samaki wa kufugia kwenye kioo ambao dunia nzima inatuonea wivu. Furu, wale wadogo ambao watoto wa mwambao waliwavua kwa sindano iliyopindwa, walikuwa na spishi zaidi ya 500, dume akivaa buluu, mwingine nyekundu, mwingine njano, na karibu zote haziko popote pengine duniani. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaja kufumuka, maji nayo yakachafuka, na spishi zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au zikabaki ukingoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977 wakiwahesabu, na baadhi ya furu wakasafirishwa kulelewa ng'ambo. Miaka ya 1990 majumba ya samaki ya Marekani yakaanzisha mpango wa kuwazalisha ili wasiishe kabisa. Hivi ninavyoandika wako wajukuu wa furu wetu waliozaliwa ughaibuni, wanatunzwa kwa ratiba, wanatembelewa na wanafunzi. Mtoto wa Rwamishenye hamjui furu hata mmoja kwa jina, anamjua Nemo.

Na furu hadai kilo 14 za chumvi, wala bromaidi. Anataka maji baridi yaliyotulia, chujio, chakula kwa kiasi na mtu wa kubadilisha maji. Ukiwataka, nenda kwa watu wa uvuvi wilayani uulize taratibu, kisha uweke ziwa letu sebuleni kwako. Mgeni akija ukimwonyesha, hutalazimika kumweleza kwamba limetoka dukani.

Mpwa hakukubali furu, ila masharti aliyakubali. Kiboksi kimezimwa mpaka kipande ukutani, kipate vali, mabomba ya silikoni, punje kavu, mkaa kwenye maji na kwenye hewa, na kile kifaa cha redoksi kitakachonunuliwa fedha zikipatikana. Mimi naomba Mungu zichelewe. Kochi bado liko korido, lakini madirisha yanafunguliwa.

Kwako wewe mwenye tangi la chumvi, uwe Bukoba, Dar, Mombasa au Muscat: maji yakichafuka, usiongeze ozoni juu ya uvivu. Ukiitumia, anza na kiasi kidogo, pima, na usiondoe mkaa. Na siku utakayoisikia harufu ya radi ndani ya nyumba na nje ni jua kali, usisubiri pua izoee. Zima mashine, fungua madirisha, toa watoto na wajomba nje, ndipo umpigie fundi. Na fundi huyo asiwe wa ving'amuzi.